Tuuhesabu Mto Tana Kwanza: Wito kwa Wote Tunaokunywa Maji Yake



Kila unaposimama kuimba wimbo wa taifa la Kenya, unaimba lahani iliyozaliwa kando ya Mto Tana. Waliotunga wimbo huo mwaka 1963 waliichukua kutoka kwa bembelezi ya Wapokomo, ambayo akina mama wa vijiji vya ukingoni waliwaimbia watoto wao wapate kulala. Taifa zima limeihifadhi lahani hiyo kwa ghibu. Hali ya mto ulioizaa tunaijua wachache mno.

Nakuandikia kwa ajili ya mto huo. Ukiwa Nairobi, maji ya bomba uliyopikia chai ya asubuhi kwa sehemu kubwa ni yake. Ukiwa umekula mchele wa Mwea, umekula zao la vijito vyake, Thiba na Nyamindi. Kwa miaka mingi taa za nchi nzima, kuanzia Mombasa hadi Kisumu, ziliwaka kwa nguvu zake kuliko kwa nguvu za chanzo kingine chochote. Na kamba wanaovuliwa katika Ghuba ya Ungwana hukulia pale maji yake yanapokutana na bahari.

Wito wangu ni mmoja: kabla hatujagawana maji ya Tana, tuutengee mto mgao wake. Mgao huo uwe na kiasi kinachojulikana na msimu unaojulikana. Uwe na mafuriko ya wastani ambayo watu wa Tana ya chini huyategemea kwa kilimo, malisho na uvuvi. Tena utangazwe hadharani, ili mwananchi yeyote aweze kuuliza kama umetolewa au umezuiwa. Sheria ya Kenya tayari inautambua mgao wa aina hiyo. Kilichobaki ni sisi kuudai, na ili tuudai vizuri yatupasa kujua tumefikaje hapa.

Mto wa mafuriko mawili

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, una urefu wa takriban kilomita 1,000. Karibu maji yake yote huzaliwa juu, katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Chania, Thika, Maragua, Mathioya, Gura, Sagana na vijito vingine vingi hushuka vikikutana, hadi mto unapoingia katika nyanda kame za mashariki. Kuanzia hapo unapita Garissa, Hola na Garsen katika nchi ambayo mvua yake haitoshi kulivusha shamba la mahindi hadi mavuno. Huko chini mtu haishi kwa mvua inayonyesha juu ya paa lake. Anaishi kwa mvua iliyonyesha Nyeri na Murang'a, ikamfikia siku kadhaa baadaye kwa njia ya mto.

Ndiyo maana mafuriko yalikuwa msimu wa kusubiriwa. Yalikuja mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Mto ulipanda kingo, ukatandaza maji na tope katika tambarare, ukajaza maziwa ya pembeni kama Shakababo na Bilisa, kisha ukarudi polepole. Wapokomo walifuata maji yanavyoshuka, wakapanda mpunga, mahindi na migomba katika udongo uliolowa. Samaki walizaliana katika maji yaliyosambaa. Wafugaji wa Kiorma waliwaleta ng'ombe wao wakati wa kiangazi, nyasi za mbugani zilipokuwa zimekauka, kwa kuwa delta ya Tana ilikuwa bado kijani. Walifika mtoni kupitia njia zilizokubaliwa, ziitwazo malka, wakanywesha na kuondoka bila kukanyaga mashamba. Msitu wa ukingoni nao ulijizaa upya kwa maji hayohayo, na humo wanaishi mbega wekundu wa Tana, ambao hawapatikani kwingine kokote duniani. Hifadhi ya kuwalinda ilianzishwa mwaka 1976.

Kuutumia mto hakukuanza na wazungu. Katika karne ya 19, wakati wa masultani wa Witu, mfereji wa Belezoni ulichimbwa kwa mikono ili kuuunganisha Tana na Mto Ozi, mitumbwi ya wafanyabiashara ipate njia fupi. Baadaye mto uliupenda mfereji huo kuliko tulivyokusudia sisi wanadamu, ukauhamia, na leo Tana unaingia baharini Kipini. Hilo lilikuwa onyo la mapema. Mtu anaweza kuufungulia mto njia, lakini hawezi kuuamuru uishie wapi.

Kazi ya kulazimishwa

Kinachoumiza katika historia ya Tana ni kwamba hatua kubwa za kuusimamia zilianza kwa kuwadhalilisha watu.

Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliona udongo wa Murang'a ukiteremka mtoni. Tatizo lilikuwa la kweli, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba Waafrika walikuwa wamebanwa katika maeneo madogo huku ardhi nyingine ikishikwa na walowezi. Badala ya kuligusa jambo hilo, maafisa waliwalazimisha wanakijiji, wengi wao wanawake, kwenda kuchimba matuta bila malipo. Mwaka 1947 watu wa Murang'a waliikataa kazi hiyo. Matuta yakaonekana kama alama ya utumwa, na palipokuja uhuru mengi yaliachwa yabomoke. Lakini katika Ukambani, wakulima wenyewe walipoamua na kuona faida, matuta ya fanya juu yalienea kilima hadi kilima. Udongo ni uleule na jembe ni lilelile. Tofauti ni kama mwenye shamba ameulizwa.

Huko Hola mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mpango wa umwagiliaji ulianzishwa huko mwaka 1953, na nguvu kazi yake ilikuwa watu waliozuiliwa wakati wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 kundi la wazuiliwa lililokataa kulazimishwa kufanya kazi lilipigwa na walinzi, na watu 11 wakauawa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Ukweli ulipofichuka, habari hizo zilitikisa bunge la Uingereza na kuharakisha mwisho wa utawala wake nchini Kenya.

Ninayataja hayo kwa heshima ya waliokufa, na kwa sababu yanatufundisha jambo. Mto uliosimamiwa kwa amri hautunzwi amri inapoondoka. Hola yenyewe ilisimama mwaka 1989, Tana ulipobadili mkondo na kuiacha mitambo ya kuvutia maji. Mashamba yakakaa miaka mingi bila maji, na familia zilizokuwa zimehamishiwa huko zikabaki na ardhi kavu mikononi.

Ngazi tano za mabwawa

Baada ya uhuru taifa changa lilihitaji umeme, na Tana ukajibu. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968. Likafuata la Kamburu mwaka 1974, la Gitaru mwaka 1978, la Masinga mwaka 1981 na la Kiambere mwaka 1988. Kwa pamoja yana mitambo yenye uwezo wa karibu megawati 600. Masinga, lililo juu ya mengine yote, lina nafasi ya kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.5, na kazi yake ni kuyanyonyesha mabwawa yaliyo chini yake wakati wa kiangazi.

Tusiwe wachache wa shukrani. Mabwawa hayo yalijengwa kwa ustadi, yakaendesha viwanda, yakawasha hospitali na shule, na wahandisi na mafundi wa Kenya walijifunza kazi yao pale. Simwombi mtu yeyote abomoe hata tofali moja. Ninachoomba ni tuyaangalie yote yaliyotokea.

Kipimo cha maji cha Garissa kilionyesha kwamba baada ya Masinga vilele vya mafuriko ya Mei vilishuka, na maji ya kiangazi yakaongezeka. Kwa mwendesha mitambo, hiyo ni habari njema, kwa kuwa mto umetulia. Kwa mkulima wa mpunga aliye chini, kutulia huko maana yake ni shamba ambalo halikufikiwa na maji. Ziwa la pembeni halikujaa, samaki hawakuingia, nyasi hazikuota zilipotarajiwa. Miche ya msitu wa ukingoni, inayohitaji udongo uliofurika ili ishike mizizi, ikawa haba.

Na mafuriko makubwa hayakukoma. Yalikuja na mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Yakaja tena mwaka 2018, mwishoni mwa 2023, na Aprili na Mei 2024. Bwawa likishajaa haliwezi kuzuia zaidi, maji hupita juu yake, na yanawafikia watu ambao kwa miaka ya katikati wamesogeza nyumba na mashamba karibu na mto kwa kuwa ulionekana mpole. Mwaka 2024 barabara ya kuingia Garissa ilizama kule Mororo, na mashua iliyokuwa ikiwavusha watu ikapinduka na kuua. Hivyo watu wa chini wamepata hasara mara mbili. Mafuriko ya wastani yenye riziki yamepungua, na mafuriko makubwa yenye maafa yanaendelea kuwafikia.

Huko juu nako mabwawa yanaumwa. Udongo wa mashamba ya mteremkoni unaingia Masinga kwa kasi kuliko walivyotarajia wasanifu wake. Mkulima wa Murang'a anapoteza rutuba, na nchi inapoteza nafasi ya kuhifadhi maji. Ukame wa mwaka 1999 na 2000 ulipoyakausha mabwawa, Kenya nzima iliingia katika mgao wa umeme, na viwanda vikafunga milango. Siku hizi umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria umechukua sehemu kubwa ya mzigo ule, na hilo linatupa nafasi ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Tunaweza kuyaendesha mabwawa kwa upole zaidi bila kulala gizani.

Jiji linachukua mto mmoja na kurudisha mwingine

Nairobi ni jiji lisilokaa juu ya mto mkubwa, kwa hiyo limeufuata. Bwawa la Sasumua lilijengwa miaka ya 1950, la Ndakaini likakamilika mwaka 1994, na baadaye likachimbwa handaki la kuchota maji ya mafuriko ya mito ya Irati, Gikigie na Maragua huko Murang'a ili kulijaza Ndakaini. Wakazi wa Murang'a walipolalamika kwamba mito yao itakauka, baadhi ya watu wa jijini waliwaona wabinafsi. Tujiweke mahali pao. Wengi wao wanaona mabomba yakipita karibu na boma lao yakielekea Nairobi, na wao wenyewe wanabeba mitungi.

Kuna jambo lingine ambalo wakazi wengi wa jiji hawajalifikiria. Maji machafu ya Nairobi hayarudi Tana. Yanaingia Mto Nairobi, kisha Athi, na yanatokea baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Kila ndoo tunayoitoa Tana imeondoka Tana moja kwa moja. Wakati huohuo, kati ya thuluthi na nusu ya maji yanayosafishwa kwa ajili ya jiji hupotea kwa mabomba mabovu, wizi na mita zisizosoma. Tunaipora delta ili tumwage barabarani.

Mipango mikubwa, macho madogo

Chini ya Garissa, kila kizazi kimekuja na mradi wa kuigeuza nchi. Mpango wa Bura, uliopangwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ulikusudia kumwagilia hekta 6,700. Ulifika zaidi kidogo ya thuluthi ya hizo. Mitambo ya dizeli ilikuwa ghali na iliharibika, malaria iliwashambulia wakulima waliohamishiwa huko, na msitu wa ukingoni ukakatwa kuwa kuni zao. Mradi wa mpunga wa delta, karibu na Garsen, ulijengewa kingo za udongo kuyazuia maji, na El Niño ya 1997 ikazivunja. Kisha, mwaka 2008, ikaja mipango ya mashamba makubwa ya miwa katika delta hiyohiyo.

Wenyeji walikwenda mahakamani. Februari 2013 Mahakama Kuu iliamuru kwamba matumizi ya ardhi ya delta yapangwe kwa kuwashirikisha wakazi wake, na mpango ukaandaliwa na kuzinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2012 delta hiyo, hekta 163,600, ilikuwa imeingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Lakini ushindi huo haukuja mapema vya kutosha. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliwaua watu zaidi ya mia moja, miongoni mwao watoto. Siasa zilichochea, na silaha zilikuwepo. Hata hivyo chini ya yote palikuwa na nchi inayonyauka, malka zilizofungwa, na jamii mbili zilizokuwa majirani zikigombea maji ambayo zamani yalizitosha zote kwa zamu.

Leo wakulima wa Ozi na vijiji jirani wanaeleza jinsi maji ya chumvi yanavyopanda mtoni kutoka baharini, yakiua mpunga na kukausha miembe. Mto ukiwa hauna nguvu ya kuisukuma bahari, bahari huingia. Hakuna ukuta utakaoizuia kwa gharama tunayoweza kuimudu. Kinachoizuia ni maji matamu ya kutosha yakishuka kutoka juu.

Tunachodai

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inazungumzia akiba ya mto: kiasi na ubora wa maji vinavyohitajika kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mazingira yenyewe, vinavyotengwa kabla ya vibali vya matumizi mengine. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42, na haki ya maji katika kifungu cha 43. Wapo Wakenya waliopigania haki hizo kabla hazijaandikwa. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko Nyeri, nchi ya vijito vinavyolisha Tana, alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 akiwa na wanawake waliokuwa wakitafuta kuni na maji safi. Hakusubiri kuruhusiwa kujali.

Kuyatoa mafuriko kwa makusudi si ndoto. Bwawa la Manantali katika bonde la Mto Senegal lilifunguliwa kwa misimu kadhaa ili wakulima wa chini walime maji yanaposhuka. Nchini Cameroon, tambarare ya Waza na Logone ilikauka baada ya bwawa la Maga kujengwa mwaka 1979. Njia za maji zilipofunguliwa tena kwa majaribio mwaka 1994, nyasi, ndege na wavuvi walirudi. Kinachohitajika ni milango ya bwawa yenye uwezo wa kupitisha maji mengi kwa siku chache, makadirio mazuri ya mvua, na onyo linalowafikia watu mapema, ili mfugaji ahamishe ng'ombe na mkulima aondoe pampu yake ukingoni.

Kwa hiyo nawageukia ninyi, kila mmoja alipo.

Wewe unayeishi Nairobi, Thika au mji mwingine unaokunywa Tana: rekebisha bomba linalovuja, vuna maji ya mvua, na muulize mwakilishi wa wadi yako kaunti inafanya nini kupunguza maji yanayopotea. Kila lita inayookolewa katika mabomba ya jiji ni lita ambayo haina haja ya kuchotwa Murang'a. Ukiwa na biashara inayotegemea maji, changia Hazina ya Maji ya Tana ya Juu na Nairobi, ambayo tangu mwaka 2015 inawasaidia wakulima wa juu kulinda udongo.

Ninyi mnaolima Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru: achieni mto ukingo wake. Kanuni zinataka kati ya mita 6 na 30 kutegemea upana wa mto. Pandeni nyasi za napia katika matuta, muungane katika chama cha watumiaji wa maji cha kijito chenu, na msione haya kudai malipo na msaada, kwa kuwa mnalinda maji ya mamilioni. Wazazi wenu walilazimishwa kufanya kazi hiyo. Ninyi mnaweza kuifanya mkiwa wenye mradi, na kwa masharti yenu.

Ninyi wa Garissa, Tana River na Lamu, wakulima, wafugaji na wavuvi: zifungueni malka walizokubaliana wazee wenu, na muandike mipaka yake pamoja. Mkienda mbele ya serikali mkiwa mmegawanyika, maji yataamuliwa na wengine. Mpango wa ardhi wa delta upo. Ulizeni katika kila baraza la chifu na kila kikao cha bajeti ya kaunti kama unafuatwa.

Ninyi mnaoendesha mabwawa na mnaotoa vibali, wengi wenu mnaijua kazi yenu na mnaipenda nchi. Tunaomba mtuamini. Chapisheni kila wiki kina cha Masinga na maji yanayotolewa Kiambere. Redio za Garissa na Hola ziyasome kama zinavyosoma hali ya hewa. Tangazeni akiba ya Tana katika kila kituo cha kupimia, na muwashirikishe wakazi wa chini katika kuandika kanuni za kufungua milango.

Na sisi sote tuwe macho kuhusu yajayo. Kuna mipango ya bwawa la High Grand Falls, ambalo likijengwa litalizidi Masinga kwa ukubwa mara kadhaa. Huenda likaleta umeme na umwagiliaji. Huenda pia likaikata delta kabisa, iwapo litajengwa kama yaliyotangulia. Wakati wa kuomba milango ya mafuriko ni kabla zege halijamwagwa. Tathmini ya athari kwa mazingira inapotangazwa, umma hupewa siku 30 kutoa maoni. Siku hizo hupita haraka, na mara nyingi wanaoandika ni wachache. Tuandike kwa maelfu, kwa Kiswahili, kwa Kipokomo, kwa Kiorma, kwa lugha yoyote anayoijua mwenye haki.

Mwalimu anaweza kulianza jambo hili darasani. Imamu na mchungaji wanaweza kulitaja mimbarini. Mwanahabari anaweza kulifuatilia hadi mwisho. Hata wewe usiye na cheo chochote unayo nguvu ya kisheria, kwa kuwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuiandikia taasisi ya umma na kutaka jibu ndani ya siku 21. Barua hiyo haihitaji wakili.

Iandike mwezi huu. Mwombe jirani aandike yake. Mkipata jibu, lisomeni hadharani. Mkikosa, andikeni tena na mueleze kwamba mmekosa. Swali lenyewe ni fupi, na kila mto wenye watu wanaoupenda una haki ya kuuliziwa: mgao wa Mto Tana ni kiasi gani, nani aliukubali, na mara ya mwisho ulitolewa lini?